Kabla hatujapiga kura: tele-realite ilifikaje upande wetu wa ziwa



Mkutano uliopita komite ilinipa kazi ambayo sikuiomba. Mnakumbuka: mwenzetu mmoja alileta wazo kwamba kotizasio ya mwaka huu tusiile yote ku sherehe. Alitaka tutengeneze shindano la vijana wakulima, tulipige video kwa simu, tutoe kipindi kila wiki ku ukurasa huu, na watu wapige kura. Mwingine akasimama akasema hiyo ni tele-realite, na tele-realite ni upuuzi wa Wazungu na wa watoto wasio na kazi. Kelele ikaingia. Mwisho wakasema: weye agronomu, unapenda sana kuandika, ututafutie hiki kitu kimetoka wapi na kama kiko na faida. Basi nimetafuta. Itakuwa ndefu kidogo, someni mukiwa fasi ya kivuli.

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asiseme baadaye nilificha. Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 16, niko sekondari. Baba alinipa minervali nipeleke shule. Njiani nikakata kidogo, kesho yake nikakata tena, nikanunua unite za laini ya Burundi. Sisi wa pembeni ya ziwa tunajua: ukisimama fasi nzuri huku Kalundu, simu inashika rezo ya Bujumbura. Nilikuwa natuma kura kwa Hope Irakoze, Mrundi aliyekuwa anaimba Nairobi katika Tusker Project Fame, awamu ya sita. Tulikuwa tunamwangalia kwa jirani mwenye parabole, watu 20 na zaidi mu chumba kimoja, watoto chini, bamama ku viti, bababa wamesimama mlangoni wakijifanya wanapita tu.

Hope alishinda. Usiku ule avenyu ilipiga kelele sawa vile timu yetu imeingiza goli. Wiki iliyofuata shule ikasoma majina ya wale wasiolipa, langu likiwemo, nikarudishwa nyumbani. Baba aliponiuliza nikasema wamekosea ku kitabu cha malipo. Akavaa viatu vyake vya siku ya Mungu, akaenda mwenyewe kutetea mtoto wake. Alirudi kimya. Hakunipiga. Alienda kukopa kwa mvuvi mmoja wa hapa, na tulikula deni lile mpaka Krismasi.

Kwa hiyo yule aliyesema tele-realite ni upuuzi, mimi siko mtu wa kumcheka. Ninajua bei yake. Lakini nimejiuliza miaka mingi ni nini kilinishika. Hope hakuwa Mkongomani. Hakuwa ananijua. Na mimi sikuwa mtoto wa kuiba.

Turudi nyuma. Wazee wetu walipoanza kuona televizyo, wakati wa Zaire, habari za jioni zilifunguliwa na kichwa cha Mobutu kikishuka kutoka mawinguni. Hiyo siyo hadithi ya mitaani, ndivyo ilikuwa kweli. Mtu mmoja anashuka, wengine wote wanaangalia juu. Mwananchi wa kawaida akionekana, ni mu kundi linalocheza na kuimba sifa za chama, na jina lake halisemwi. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa kwetu walishikwa na vipindi ambamo mtu asiye na cheo anapika ugali, anakosana na mwenzake, analia, kiisha anapigiwa kura, uanzie hapo. Televizyo ilikuwa kitu cha wakubwa. Siku ilipoonyesha mtu kama jirani, watu walisogea karibu.

Kitu chenyewe hakikuzaliwa Afrika. Waswidi walitoa Expedition Robinson mwaka 1997, watu wanaachwa kisiwani wajitafutie. Waholanzi wakafuata na Big Brother mwaka 1999: watu wanafungiwa mu nyumba yenye kamera kila kona, na kila baada ya muda mmoja anatolewa. Ufaransa ilipata Loft Story na Star Academy mwaka mmoja, 2001, na kwa njia ya machaneli ya Kifaransa mambo hayo yakaanza kuingia Kongo ya wale waliokuwa na parabole na umeme. Hapa kwetu hao walikuwa wachache mno.

Big Brother Africa ilianza Mei 2003. Vijana 12 wa nchi 12 walifungiwa mu nyumba moja Johannesburg kwa siku 106, na mshindi, Cherise Makubale wa Zambia, akatoka na dola 100,000. Tanzania ilikuwemo, Kenya ilikuwemo, Uganda ilikuwemo. Kongo hapana. Na mukumbuke sisi tulikuwa wapi. Oktoba 2002 Mai-Mai waliingia Uvira, RCD wakairudisha siku chache baadaye, na serikali ya mpito Kinshasa ilikuja katikati ya 2003. Wakati Afrika nzima inabishana nani atolewe mu nyumba ya Johannesburg, hapa watu walikuwa wanabishana kama walale nyumbani au wapande mlima. Nilikuwa na miaka 6. Sisemi hivi kutafuta huruma. Nasema kwa sababu mtu akiuliza kwa nini sisi tulichelewa kuingia mu mchezo huu, jibu haliko mu utamaduni wala mu dini.

Maneno ya «upuuzi» nayo siyo mapya. Mwaka huohuo wa 2003 bunge la Malawi lilipiga kura kipindi kiondolewe ku televizyo ya taifa, wakisema kinaharibu vijana, na baadaye mahakama ikakirudisha. Rais Nujoma wa Namibia naye aliomba televizyo ya nchi yake iache kukionyesha na badala yake ionyeshe historia ya Namibia. Wakubwa waliona uchi na mabusu. Wako waliosema hatari, wako waliosema burudani. Lakini kuko jambo wote walipita juu yake: kwa mara ya kwanza watu wa kawaida wa Zambia, Botswana, Tanzania na Nigeria walikuwa wanajadili watu walewale, usiku uleule, bila rais yeyote katikati. Wakutano wa wakubwa ulikuwa bado haujawapa hicho. Tanzania ilishinda mara mbili baadaye, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, na wa pili alipata dola 300,000. Ku bandari yetu, kwa mabaharia wa Kigoma, Idris alijulikana kuliko mawaziri wengi.

Upande wa Kongo mlango ulifunguliwa na muziki. Mwaka 2010, kijana wa Goma mwenye miaka 13 tu alishinda shindano la Vodacom ambalo Mmarekani Akon aliweka mkono wake. Mtoto huyo ni Innocent Balume, mnayemwita Innoss'B. Alizaliwa 1997, mwaka wangu mimi. Kabla ya hapo alikuwa anaimba na kaka zake mu kundi la Maisha Soul. Mwaka 2019 akafanya «Yope» na Diamond Platnumz, na wimbo ukapita nchi ambazo sisi wenye diplome hatujawahi kupewa viza. Nilipokuwa natafuta kazi na lisanse yangu mkononi, mama alikuwa ananiambia kwa upole: «Yule wa Goma muko umri moja, si ndiyo?» Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo uwongo mkubwa wa tele-realite unakaa, na nataka tuuangalie vizuri. Kipindi kinaonyesha aliyeshinda. Hakionyeshi mstari wa wale waliorudi nyumbani saa nne asubuhi baada ya kuimba dakika moja mbele ya meza. Na anayelipa gharama siyo mpenda sanaa. Tusker Project Fame iliitwa jina la bia kwa sababu kampuni ya bia ilitaka kuuza bia. Kura ya simu ni biashara ya simu: unite zangu za minervali hazikwenda kwa Hope. Ufaransa, washiriki wa L'Île de la tentation walifika mpaka Cour de cassation, na tarehe 3 Juni 2009 mahakama ikakubali kwamba walikuwa wafanyakazi, wenye haki ya mkataba wa kazi, hata kama kazi yenyewe ilikuwa kukaa kisiwani na kujaribiwa mapenzi. Wenzetu wa droit, naomba muweke hilo mbele siku ya mkutano. Mtu unayempiga video kutoka asubuhi mpaka jioni ili wewe upate wasomaji, anakufanyia kazi.

Lakini sasa nifike ku shamba, kwa sababu ndiko ninakojua.

Tanzania ilitengeneza kitu chake. Mchora katuni Masoud Kipanya na mwenzake Francis Bonda walitoa Maisha Plus mwaka 2009. Badala ya nyumba ya kioo yenye friji imejaa, waliwapeleka vijana wa mjini mu kijiji: wateke maji, wapike kwa kuni, walime, wakae pamoja. Wazo la Ulaya, limevishwa kitenge. Kiisha Oxfam, ambayo mwaka 2011 ilianzisha Mama Shujaa wa Chakula kutafuta wakulima wanawake bora, ikaunganisha shindano lake na Maisha Plus mwaka 2012. Wakulima wanawake wa kweli, wenye mikono yenye sugu, waliingia kijijini kukaa na wale vijana mbele ya kamera, na watu wakawapigia kura.

Mshindi wa 2012 alikuwa Sister Martha Waziri wa mkoa wa Dodoma. Alichukua ardhi iliyoliwa na makorongo, ambayo watu waliona haifai kitu, akairudisha mpaka ikazaa. Nasoma habari zake na naona mlima wetu. Kila mtu wa Uvira aliyeona Mulongwe usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 anajua korongo ni nini. Maji yale yalitoka ku milima iliyovuliwa miti, yakachukua nyumba na watu. Mwalimu wa chuo anaweza kukufundisha mmomonyoko miaka mitatu, na nilifundishwa. Lakini nchi nzima kumpigia kura mwanamke kwa sababu alifunga korongo, hiyo chuo chetu hakikuweza. Na zawadi ya Mama Shujaa ilikuwa vifaa vya kilimo, siyo bahasha ya pesa. Hilo nalo mulishike.

Kenya walipita njia nyingine. Shamba Shape Up ilianza 2012, imetengenezwa na Mediae. Timu inafika kwa mkulima mmoja, inakaa siku kadhaa, inapima udongo, inatengeneza banda la ng'ombe, inaonyesha kupanda, na mkulima anabishana nao ikibidi. Kuko toleo la Kiingereza na la Kiswahili. Mtazamaji anatuma ujumbe, anapata karatasi ya maelezo. Mwaka 2017 hao hao wakatoa Don't Lose the Plot: vijana wanne wa Kenya na Tanzania, kila mmoja amepewa eka moja, na wanashindana nani atafanya biashara nzuri zaidi kutoka hiyo eka. Yaani lile wazo tulilopigania mkutano uliopita, wengine walishalifanya.

Nina mama mkubwa ambaye shamba lake liko ku mteremko juu ya Kalundu. Tangu nilipokuwa naandika TFC nilimwambia achimbe mitaro ya kukata mteremko na kupanda majani pembeni, kwa sababu kila mvua inamshushia udongo mzuri mpaka ziwani na mihogo inabaki mizizi nje. Miaka mitatu. Alikuwa ananisikiliza kwa heshima, ananipa sombe na ndagala, na hachimbi hata shimo moja. Siku moja ananipigia simu: «Agronomu, kuya uone. Ile mitaro ulikuwa unasema, kumbe iko ya kweli! Nimeona mama moja wa Kenya iko nayo ku tele.»

Nikakasirika. «Mama mkubwa, si mimi niliyekuambia?»

«Weye uliniambia, mutoto wangu. Lakini weye hauna shamba. Yule iko na shamba.»

Nimelifikiria neno hilo kuliko mambo mengi ya chuo. Mimi nikikosea, ninaandika raporti nyingine. Yule mama wa Kenya akikosea, watoto wake wanalala njaa, na amekubali kukosea mbele ya watu. Mama mkubwa alimwamini kwa sababu hiyo. Naona ndicho kilichonishika mimi pia mwaka 2013: kuangalia mtu kama mimi akijaribiwa waziwazi, na matokeo hayajulikani. Mwalimu anajua jibu kabla ya somo. Hope hakujua.

Mitaro ikachimbwa. Lakini hadithi haiishii vizuri hivyo, na itakuwa udanganyifu nikiikata hapo. Mu vipindi vile kuko pia kampuni zinazolipa ili mbegu na dawa zao zionekane. Mama mkubwa akashikwa na mahindi aliyoyaona, marefu, mabebe mawili kila mti. Akatuma pesa kwa mfanyabiashara, akaletewa pakiti. Mimi nilikuwa Bukavu, hakuniuliza. Mbegu ile ilikuwa ya milimani, ya fasi ya mita 1500 na kupanda juu. Ziwa letu liko karibu mita 770, na joto la hapa munalijua. Mahindi yalipanda kwa hasira, yakakauka kabla ya kujaza. Alipoteza msimu mzima wa kipande kile. Hakuna mtu ku tele aliyedanganya. Walisema ukweli wa shamba lao. Ni sisi hatukuwa na mtu wa kusema: bamama wa Kalundu, hii siyo ya huku.

Kwa hiyo jibu langu kwa komite ni hili. Napiga kura ndiyo, lakini siyo ndiyo ya bure.

Tusionyeshe wiki sita tukasema tumemaliza. Maharagwe yanataka karibu miezi mitatu, mihogo zaidi ya mwaka. Tuchague maharagwe, na tuonyeshe msimu wote mpaka mavuno, hata kama mvua imepiga kila kitu chini. Hasa kama imepiga kila kitu chini. Zawadi iwe vifaa: pampu, majembe, mbegu nzuri, chochote mshindi atakachochagua. Kila kijana asaini karatasi inayosema nini kitaonyeshwa, na alipwe hata kidogo kwa siku tunazompiga video. Kama duka litataka kutoa msaada, tuchukue, lakini bidhaa yake isiingie shambani mpaka mmoja wetu wa agronomi aseme inafaa kwa joto la hapa. Na kura isiwe ya unite. Mtu aandike jina chini ya video, basi. Najua kijana fulani wa sekondari atakuwa anaangalia.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kuanzia hapo siwezi tena kusema mambo haya ni ya Wakenya na Watanzania. Lakini sitaki tungoje Nairobi watuletee kamera. Simu ziko, shamba liko, na vijana wasio na kazi tuko nao kupita kiasi, mimi nikiwa mmoja.

Baba bado anasoma ukurasa huu kwa simu ya dada yangu. Baba, sasa umejua ile minervali ilienda wapi.

Mkutano ni siku ya posho, saa tisa, fasi ileile. Nitakuja na bei ya kukodisha vipande vinne vya shamba upande wa mteremko. Yule ndugu wa «upuuzi» naomba aje pia, kwa sababu tunatafuta mtu wa kuhesabu pesa asiyependa mchezo huu.